Mkuu wa Majasusi Ameuliza Hali ya Mguu wa Mama

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisaidie kabla sijapasuka. Mimi ni mbunge, tafadhali usicheke, tena nimo kwenye kamati inayosimamia idara ya ujasusi, na kusimamia kwenyewe ni kunywa chai na mkuu wao na kutikisa vichwa, kwa sababu tumekula kiapo kwamba atakalotueleza faragha, kikaoni au ofisini kwake, hatulitoi nje, kwa hiyo swali likimkera anakueleza kila kitu na hapo umefungwa mdomo maisha. Sasa juzi, kwenye korido, vikombe mkononi, kikao hata hakijaanza, akaniuliza kwa upole mguu wa mama unaendeleaje, na mama aliteleza bafuni akatukataza kumwambia mtu, nami jambo hilo nimelizungumza na mdogo wangu tu, kwenye simu, na huyo mdogo wangu ni mwandishi wa habari anayeichimba idara hiyohiyo, basi chai ikanipalia, naye akajua ameropoka, akasema, "Njoo Alhamisi ofisini kwangu, nikueleze yote." Nikienda nitajua lakini sitaweza kumwambia ndugu yangu wa tumbo moja, nisipoenda sitalala, na mwenyekiti wetu ananisukuma niende, eti yeye alielezwa mwaka wake wa kwanza na tangu hapo hana swali. Nifanyeje?

Mbunge Aliyepaliwa

Mheshimiwa, pole kwa chai. Mama naye mpe pole, ingawa naona idara nzima imeshampa.

Nakuonea huruma, ila ni huruma ya kijiko kimoja. Wananchi walikupigia kura umhoji huyo bwana, sasa yeye ndiye anakuita, nawe unajiandaa kwenda kama mwanafunzi aliyechelewa. Unasema unataka kujua. Umeshajua! Kakwambia mwenyewe, kwenye korido, nje ya kiapo. Alhamisi anataka tu kukufunga mdomo kwa heshima.

Usiende. Leo hii mfuate mdogo wako kwake, simu iache nyumbani, umwambie. Atafoka, mwache afoke. Kisha simama bungeni mchana kweupe, kamera zikiwaka, umuulize waziri mwenye idara hiyo ni nani aliyetoa kibali cha kusikiliza simu ile. Mama atakununia kwa kuutangaza mguu wake, na hapo utambembeleza mwenyewe. Mwenyekiti wako mwache aendelee kusinzia.

Lakini ukiingia ofisini mle, mdogo wako ataendelea kusikilizwa, nawe utakuwa mmoja wa wanaojua na kunyamaza.