Nguo za Kazi za Mdogo Wako

Kwako binti yangu mkubwa,

Pokea salamu za mama yako, nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. Hujambo mwanangu? Mume wako hajambo? Na wale mapacha, meno yameshatoka yote au bado wanakutafuna mabega? Na ule mgongo wako, umepona kweli au uliniambia tu hivyo ili nipate usingizi? Sisi huku tupo. Baba yako hajambo, bado anabishana na redio kana kwamba inamsikia. Mdogo wako anakusalimu, amekonda kidogo lakini anakula. Wifi yako naye anakusalimu, amesema nikuandikie kwamba amekukumbuka sana, nami nimeandika kama alivyosema. Mtoto wao, mjukuu wangu Sisimizi, anakusalimu kuliko wote. Alitaka nikuchoree sisimizi hapa chini, nikashindwa miguu.

Mwanangu, haya si ya kusema kwenye simu, maana kuta za nyumba hii unazijua. Ndiyo maana nimeshika kalamu, na ukiona mistari inapanda na kushuka, unajua shule niliiachia wapi. Ni habari ya afya ya Sisimizi.

Unajua mdogo wako yuko kule karakana ya betri, wanavunja betri kuukuu za magari na kuyeyusha madini ya risasi yaliyomo. Basi wakaja watafiti kutoka chuo, watu wanaochunguza jinsi kazi inavyoingia ndani ya mwili wa mtu. Mkubwa wao ni dada mmoja, mafundi wanamwita Miwani kwa sababu anazo mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na bado huuliza iko wapi. Akawafunga mafundi vimashine kwenye kola, vinavuta hewa ile ile wanayovuta wao. Akawapima damu, kisha akaomba kupima na watoto wao. Sisimizi alitobolewa kidole hata hakulia. Aliyelia ni baba yako.

Majibu yakatoka kwamba yale madini yamo kwenye damu ya mtoto, kupita kiasi. Miwani alikuja mwenyewe kutueleza. Alisema mtoto anaweza kuonekana mzima kabisa, kumbe yanamla ubongo polepole, na akifika shuleni awe mzito wa kuelewa. Mwanangu, nilimwamini papo hapo. Maana tulikuwa tumeshaona tumbo linamuuma mara kwa mara, na hasira za bure, na tulidhani ni deko tu.

Dawa ya kwanza, alisema, ni vumbi lisifike nyumbani. Nguo za kazi zibaki karakana. Mtu avue zote huko huko, aoge, avae safi, ndipo aje kumshika mtoto. Pale karakana wakaajiri dobi wa kuzifua.

Wifi yako alifurahi kama aliyeletewa zawadi. Akawa ndiye anayepita kwa wake wa mafundi wengine kuwafundisha, na Miwani akawa anamwita “msaidizi wangu.” Wanakaa sebuleni wanacheka, Miwani amekalishwa kwenye kile kiti changu chenye mto. Mimi aliniuliza umri tu, akaandika, basi.

Nawe unajua nilivyoishi humu tangu huyo wifi yako aingie. Jiko lilikwenda kwanza. Halafu ikawa mashuka, halafu hata kumsugulia mdogo wako viatu. Kila nikiinuka naambiwa Mama pumzika, Mama kaa. Nimekaa mpaka nimechoka kukaa. Nguo za kazi pekee ndizo hakuzigombea, kwa ajili ya lile vumbi jeusi na harufu yake. Hizo nilikuwa nafua mimi, na mwanangu akiondoka asubuhi nilikuwa najua ametoka na jasho la mikono yangu. Sasa na hizo akapewa dobi.

Damu ikapimwa tena. Watoto wa mafundi wengine wote imeshuka. Ya Sisimizi imepanda.

Miwani alichanganyikiwa. Mimi sikuchanganyikiwa, nilikuwa na jibu tayari. Nilisema ni wanja ambao wifi yako anampaka mtoto. Nikasema ni zile sufuria alizokuja nazo kutoka kwao. Nikasema mtu anayezunguka kufundisha nyumba za watu, yake inafagiliwa na nani? Mdogo wako akaanza kumsemesha mkewe kwa ukali. Baba yako akazima redio, jambo ambalo hujapata kuliona. Wifi yako akashusha begi kutoka juu ya kabati, akisema anampeleka mwanawe kwa mama yake.

Huyo mama yake unamkumbuka, Bibi Manukato, anayefika kabla hajafika kwa ile harufu. Sisimizi akimwona huyo hukimbia mpaka kiatu kinabaki njiani. Mimi huniona kila siku, nani akimbilie kitu cha kila siku?

Miwani akawaomba wangoje kidogo. Akaja na vitambaa vyenye unyevu, akapangusa sakafu chumba kwa chumba, madirisha, chini ya vitanda, kila kitambaa akakitia kwenye kifuko chake. Aliporudi na majibu alitukalisha wote. Chumba cha wifi yako karibu hakina kitu. Sebuleni kidogo. Chumba cha bibi, alisema, kimezidi vyote, hasa penye beseni na kando ya godoro ambalo mtoto hulala mchana. Akauliza kwa upole kabisa, kuna kazi gani hufanyika humo.

Sasa nikuambie mwanangu, na usinisomee mbele ya mumeo. Baada ya ile amri nilimvuta mdogo wako pembeni. Nilimwambia sabuni ya yule dobi itampa upele, na kwamba kama mimi bado ni mama yake, ataniletea nguo zake. Unamjua, hawezi kuniambia hapana. Ovaroli akawa anaiacha karakana, lakini shati na suruali anazovaa ndani yake alizitia kwenye mfuko, akapita mlango wa nyuma, akanipa. Nilikuwa nazikung'utia chumbani mlango umefungwa, wifi yako asisikie, ndipo nazifua. Na Sisimizi yuko juu ya godoro langu. Yeye ndiye aliyekuwa ananigeuzia mifuko ya suruali.

Sitakudanganya kwamba sikujua. Miwani alisema nguo zote, nami nilimsikia vizuri. Nikajiambia alimaanisha ovaroli, kwa sababu nilitaka awe amemaanisha ovaroli.

Pale sebuleni mdogo wako alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Nikasema ni mimi. Nikangoja wifi yako anirukie, na angekuwa na haki. Yeye akasema:

“Ule mfuko nilikuwa nauona kila siku, Mama. Nilidhani anakuletea vitu vitamu mle wawili, mimi mnifiche. Nikaona aibu kuuliza.”

Akacheka, kicheko hakikufika mbali, akalia. Mimi nilikuwa nimeshatangulia kulia. Kumbe na yeye, mwanangu. Muda wote huo nadhani ameninyang'anya kila kitu, naye yuko upande wa pili wa ukuta anahesabu nilichobaki nacho.

Sasa chumba changu kitakwanguliwa sakafu, na godoro litatupwa. Sisimizi atakaa kwa Bibi Manukato mpaka damu ishuke, maana ni karibu na hospitali. Wifi yako alisema hamchukui mpaka mimi niridhie. Nikasema nimeridhia, kwa mdomo tu. Miwani anasema akiwekwa mbali na vumbi angali mdogo, mengi yanaweza kuokolewa, lakini hakuahidi yote. Hilo ndilo ninaloamka nalo.

Yale madini yameonekana na kwenye damu yangu, nayo yako juu. Usishtuke, sina homa. Nimekatazwa kumpelekea mtoto chochote kutoka chumba hiki, hata yule mwanasesere niliyemshonea. Na kwa Bibi Manukato ni mwendo wa miguu tu. Najijua, mwanangu. Nikibaki hapa siku ya pili utasikia nimesimama langoni kwake na kanga zangu hizi hizi za vumbi, nimemkumbatia mtoto ili yule mama aone.

Kwa hiyo naomba uje unichukue nikae kwako kwa muda. Nitakuja mikono mitupu, gauni utaninunulia huko, na sitagusa nguo za mumeo. Msalimie sana, na mapacha uwabusu kila mmoja kwa zamu ili asinung'unike mtu.

Nijibu upesi, kwa simu useme tu unakuja. Sisimizi anaondoka kesho kutwa, na nimeshamwambia baba yako kwamba lazima mtu mzima kama mimi amsindikize.

Ni mimi,
Mama yako