Mkuki wa Jirani Mlangoni Kwangu

Mjukuu wangu Emanueli,

Marahaba. Mimi mzima, ng'ombe wazima, na bibi yako bado ni wangu, usijipe matumaini. Mahindi tusiyazungumze.

Unasema huko Arusha mmepanga nyumba moja makabila saba, na jirani yako yule asiyecheka amekwambia ana neno na wewe. Unaogopa. Hata mimi niliogopa.

Nilipotoka Gitting kuja kupanga Katesh, chumba cha pili alikaa Gidamuda, mzee wa Kibarbaig. Siku moja nilimcheka kwa sauti uani, nikasema shuka lake linanuka zizi. Kesho yake asubuhi nikachungulia nje: mkuki wake umesimama mlangoni kwangu! Nikajua leo nakufa kabla sijaoa. Nikapita dirisha la nyuma, nikakwama kiunoni.

Kelele zangu zikamfanya azunguke nyuma. Akanishika mikono, akavuta.

"Kijana, kwenu mgeni anapokelewa kwa kichwa?"

"Shikamoo mzee, nisamehe lile shuka!"

"Shuka linanuka kweli. Nimekuja kunywa chai. Mkuki nimeuacha nje, kwetu hauingii nyumbani kwa mtu."

Nilicheka mpaka machozi, nusu yangu ikiwa bado ndani. Alikunywa vikombe vinne, mnyang'anyi yule, na tukawa ndugu.

Basi mfungulie huyo jirani, ubandike chai. Akimaliza kikombe utajua kama ni ugomvi au anaomba chumvi tu.

Ni mimi babu yako,
ninayekucheka kidogo.