Jino la Bisi Juu ya Bati

Jumamosi, baada ya magharibi

Sijacheka hivi siku nyingi.

Wiki nzima Bisi, mbwa wetu wa miezi minne, amekuwa akitung'ata miguu kwa sababu anabadilisha meno. Jana nilimhurumia, nikampa mfupa wa mbuzi uliobaki kwenye supu. Ukapasuka, kipande kikamkwama kwenye kaakaa, akalia sana. Nilimviringisha kwenye kanga kuukuu, nikapanda bajaji hadi kwa bwana mifugo.

Alikitoa kwa kibanio, akaniambia, "Mama, mfupa uliopikwa usimpe tena. Wala muhogo mbichi, una sumu. Kabla ya kumpa kitu, kibonyeze kwa ukucha. Kisipobonyea, kitamvunja meno."

Nilijilaumu njia nzima. Ningemuua kwa huruma yangu.

Leo nimepiga taulo la zamani mafundo, nikalilowesha, nikalipoza kwenye friji. Bisi amelitafuna barazani mchana kutwa, ametulia. Alasiri nikakuta kijino kimenasa kwenye taulo, kidogo kama punje ya mchele. Nikamwonyesha mume wangu, Baba Zuhura, ambaye husema mbwa ni wa kulinda mikorosho tu na hajawahi kumwita kwa jina.

 Alikichukua kwa jani, akatoka uani na kukirusha juu ya bati, kama tulivyofanya meno ya Zuhura yalipong'oka.

"Kunguru, chukua hilo bovu," akaita kwa sauti, "umletee Bisi jipya!"