Mawe Meupe ya Drumroe

Drumroe, Mayo
9 Septemba 1974

Mjukuu wangu Colman,

U mzima? Kifua je, na moshi wa viwanda huko ng'ambo, Coventry? Mimi naendelea, ila goti linauma mvua ikikaribia, na hapa mvua haiendi mbali.

Jana basi lilipita mbele ya nyumba unayojijengea kando ya barabara kuu, nikaona ukuta wa lango. Yale mawe meupe umeyatoa juu ya kilima nyuma ya shamba la akina Gavaghan. Basi zima liliyatazama, kisha likanitazama mimi. Nilishuka kabla ya kituo changu, nikatembea.

Yarudishe. Usiniulize.

Bibi yako

Coventry
20 Septemba 1974

Shikamoo Bibi,

Mimi mzima, kazi ipo, chakula kibaya. Pole na goti.

Bibi, hayo ni mawe tu. Mwalimu alitufundisha kuwa barafu ya zamani ndiyo iliyovisukuma vilima vyetu, ndiyo maana vyote vimelala upande mmoja kama ng'ombe walioupa upepo mgongo. Na mawe yaliletwa na barafu hiyohiyo. Hayana mwenyewe. Sikuona jina wala msalaba. Tena nimeyajengea saruji, hayatoki. Usiwajali watu wa basi.

Mjukuu wako, Colman

Drumroe
2 Oktoba 1974

Colman,

Afya yangu usiulize.

Mwalimu wako alijua nani aliyaleta. Hakujua nani aliyasimamisha. Mtoto aliyekufa kabla ya ubatizo, padri hakumpokea makaburini. Baba yake alimbeba kwenye sanduku hadi kilimani, akamzika, akasimamisha jiwe jeupe, akarudi nyumbani kunywa chai. Mama alibaki kitandani, na hakuna aliyemuuliza kitu. Jina haliandikwi kwa sababu hakupewa.

Wangu wa kwanza yuko pale. Babu yako aliniambia mara moja tu kwamba jiwe lake lina mshipa mwekundu. Sikuwahi kupanda kuliona. Nimeliona nikiwa ndani ya basi, karibu na bawaba ya lango lako. Hilo ni baba yako mkubwa, mpumbavu wewe uliyesoma.

Hata baba yako sikumwambia.

Bibi yako

Drumroe
30 Novemba 1974

Mjukuu wangu,

Natumai meli haikukutapisha na umerudi Coventry salama. Barua yangu hukujibu, lakini watu walikuona ukibomoa ukuta kwa nyundo na patasi, husalimii mtu, kisha ukapanda kilimani na toroli. Ukapita mlangoni kwangu kichwa chini kama mbwa aliyeiba soseji. Mimi nilikuwepo, Colman. Nilikuwa nimesimama dirishani.

Jumapili nilipanda. Umeyapanga mstari mmoja kama viazi, na saruji bado imeyang'ang'ania. Lenye mshipa umeliweka pembeni, umelisafisha. Nimeliona.

Nikamkuta Sabina Gavaghan amepiga magoti na ndoo na brashi. Jirani yangu tangu niolewe. Tumegombana kwa kuku, kwa ua, kwa kila kitu. Aliponisikia aliinamisha uso, akasema anaondoa uchafu tu.

Nikamwonyesha langu. Nikamwambia, "Sabina, wako ni yupi?"

Alisugua kwanza. "Wawili," akasema. "Mume wangu hakuniambia ni yapi."

"Basi tusugue yote."

Krismasi usijifiche kwa rafiki zako. Uje kwangu, uingie mlangoni, unitazame usoni. Na ulete brashi ngumu, ya Sabina imekwisha.

Bibi yako, Delia