Ramani ya Kijani ya Kibosho

Jumatatu, 3 Machi
Nimepakua data za wiki. Simu kumi na mbili nilizowagawia wakulima wa Kibosho, kila moja inajipimia nguvu ya mtandao. Ramani imepaka kata nzima kijani. Mtandao mzuri. Mimi nikiwa kule juu Kibosho siwezi kutuma hata ujumbe. Sielewi.

Jumanne, 4 Machi
Nimekagua programu mstari kwa mstari. Sioni kosa. Labda kosa ni mimi.

Alhamisi, 6 Machi
Msimamizi wangu wa chuo ameifurahia ramani. Kampuni ya simu inaisubiri, iamue mnara mpya uwekwe wapi. Nikasema nina shaka nayo.
"Una ushahidi, au ni wasiwasi tu?"
Aibu. Ikienda hivi, Kibosho hawapati mnara.

Jumamosi, 8 Machi
Nimepanda Kibosho. Matope hadi magotini. Nimefika kwa Mama Anjela, mjane, mmoja wa wale niliowapa simu. Ilikuwa kabatini, imezimwa.
"Shikamoo, mama. Mbona umeizima?"
"Marahaba, mwanangu. Hapa haishiki. Inamaliza chaji bure."
Kila siku anapanda nayo kilimani nyuma ya parokia. Anaiwasha, anaongea na bintiye anayeumwa figo huko Dar, anaizima, anashuka. Siku binti alipozidiwa, jamaa wa Dar walimpigia mama tangu asubuhi. Alijua kesho yake.
Nikaenda naye. Kilimani tukawakuta wengine wanne, wote na simu zangu. Nikacheka. Kisha nikataka kulia. Zinawashwa, na kupima, pale tu penye mtandao; ramani ikaeneza kijani hicho kata nzima.

Jumatatu, 10 Machi
Bado nimechanganyikiwa. Kwenye faili langu, simu iliyozimwa na simu isiyo na mtandao ni kimya kilekile. Nikiandika hakuna mtandao, nabuni. Nikiacha kijani, nadanganya.

Jumatano, 12 Machi
Nimemweleza msimamizi. Amekubali. Ramani haiendi kwa kampuni. Narudia vipimo vyote. Sitahitimu mwaka huu. Inauma kuliko nilivyodhani.

Jumapili, 16 Machi
Kibosho, baada ya misa. Nimewapelekea paneli ndogo za jua, simu zibaki zimewashwa majumbani. Wamekubali. Hata Mama Anjela. Ila saa sita akaichukua yake, akaelekea kilimani. Sikumzuia. Nilibaki jikoni kwake nikimenya ndizi za supu ya mtori.
Amerudi amechoka. Anasema leo binti alikula kidogo.