Cherehani Zilizokula Nazi

Baba,

Shikamoo. Nimekutangaza. Usinune kwanza, nisikilize mpaka mwisho, halafu ukitaka kukasirika kasirika. Mimi mwanao Mwanahawa nimeshakuzoea.

Unakumbuka ile Alhamisi, kabla hujaacha kusema, uliponishika mkono ukaniambia, "Niombee radhi kwa wenye cherehani." Kaka Hemedi alikuwa kaenda kukuchukulia dawa, tulikuwa wawili tu, mimi nawe. Nilikuelewa pale pale. Nyumbani kwetu jambo lile halikutajwa, lakini nani asilijue? Miaka ile ya dhiki, sabuni hakuna, khanga kwa foleni, mafuta ya cherehani hata harufu yake tumeisahau, washonaji walikujia barazani Chumbageni kukuuliza wafanyeje. Fundi wao wa cherehani ni wewe, wamwulize nani tena? Ukawaambia watie mafuta ya nazi. "Nazi tunazo, Mungu katupa," ukasema. Wakatia. Wakashona, wakakusifu. Halafu yale mafuta yakagandamana humo ndani, yakawa gundi ya njano, na cherehani zikagoma moja baada ya moja, Tanga, Kigombe, hadi Pangani, maana neno la Fundi Mbwana lilikuwa limeshafika kote huko.

Ee Baba. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nakumbuka ulivyokuwa ukifungua mfuniko, unanusa, unasema, "Hii imekula nazi," kisha hunisemeshi tena mpaka adhuhuri. Ulizifufua bila malipo kwa mafuta ya taa na unyoya wa kuku, miaka na miaka, nami nakushikia bisibisi. Mama akikwambia pumzika, unasema mwenye cherehani yake hajapumzika. Lakini wengine walikuwa wameshahama. Kuna waliorudi Pemba, kuna waliokwenda Mombasa, kuna waliofika hadi Maskati. Hao ndio ulionituma kwao.

Siku ya maziko Hemedi alisimama akawaomba watu wakusamehe, wakaitikia, "Tumemsamehe." Nilizisikia sauti zao kutoka uani, tulikokaa wanawake. Nikazidi kulia. Walioitikia ni majirani zetu, na hao wala hukuwakosea kitu.

Sasa mji umegeuka, Baba. Tangu mambo yafunguliwe kila kitu kipo. Mafuta ya cherehani yanauzwa hata gengeni, kwenye vichupa vidogo, hakuna anayegombania. Banda lako nalishika mimi. Wanaume walicheka wiki mbili wakachoka wenyewe. Na kuna kitu kinaitwa intaneti: unaandika kwenye kompyuta hapa Tanga, mtu wa Maskati anakusoma huko huko aliko. Shoga yangu Zaituni anafundisha kompyuta kule mjini. Nikamwambia nitengenezee tovuti, nina ujumbe wa marehemu.

Nilianza vibaya. Niliona haya kulisema jambo lenyewe, nikalifukia katikati ya mambo mengine. Tovuti yangu ikaitwa Karibu Tanga. Mlikuwa na mapishi ya samaki wa nazi, mitindo ya magauni, habari za mkonge, nyakati za swala, picha ya kivuko cha Pangani, na chini kabisa, herufi ndogo, ukurasa wa kutengeneza cherehani. Mambo tele! Miezi minne nikapata barua moja, ya mwanamume aliyeuliza kama tunatafutia watu wachumba. Zaituni alicheka mpaka akashika ubavu. Mimi nilikwenda msalani nikalia, maana niliona nakuchelewesha.

Alipomaliza kucheka akaniuliza, "Wewe unamtaka nani hasa aje humu? Ukishamjua, hao wengine waache wapite." Nikamjibu bila kufikiri: namtaka mtu ambaye cherehani yake imekula nazi. Akaniambia, basi futa yote. Mapishi nayo? Nayo. Nilivyoyahangaikia yale mapishi, Baba! Tukafuta. Ikabaki cherehani, na tena si kila cherehani. Iliyokatika mkanda si yetu, iliyopotea sindano si yetu. Yetu ni iliyotiwa mafuta ya nazi ikaganda, basi.

Nikaandika jinsi ulivyokuwa ukifanya. Uitie mafuta ya taa kwenye kila tundu, uiache juani siku mbili, uchokonoe kwa unyoya, usilazimishe gurudumu hata kidogo. Na juu nikaandika, "Watu waliambiwa watie mafuta ya nazi." Zaituni akasoma akageuka. "Waliambiwa na nani?"

Hapo nilikwama wiki tatu.

Hemedi alikuwa mkali. Alisema Baba kazikwa na heshima yake, mwache nayo, wewe unataka kumtembeza duniani? Hatukusemeshana. Na usidhani namlaumu, alikuwa anakulinda. Nami nilikuwa nakulinda, ndiyo maana wiki zile tatu sikuweza kula vizuri. Nilijiuliza, jina lako ndilo pekee ulilotuachia, nami nakwenda kulianika mbele ya watu nisiowajua? Lakini uliponishika mkono hukusema nisitiri. Ulisema nikuombee radhi. Na radhi, Baba, haiombewi mtu asiyetajwa.

Nikaandika hivi: "Baba yangu, Fundi Mbwana wa Chumbageni, ndiye aliyewaambia watu watie mafuta ya nazi. Alikosea. Amefariki, na anawaomba radhi. Alivyojifunza kuzifufua ni hivi." Kubonyeza nilishindwa, Zaituni akanibonyezea yeye.

Barua ya kwanza ilitoka Mombasa, kwa mshonaji aliyesema ya kwake aliitia mwenyewe bila kuambiwa na mtu, hakujua kama kuna wenzake. Kisha mmoja wa Lamu. Kisha mtu wa Sri Lanka, sijui hata ni upande gani, Zaituni alinisomea. Kumbe nao wana minazi na walikosea vile vile. Kila anayeandika ana cherehani iliyokwama. Nawajibu wote, na kila jibu naandika jina lako.

Sasa nikwambie kilichonifanya nishike kalamu.

Imekuja barua kutoka Maskati, kwa kijana ambaye bibi yake yuko Wete. Huyo bibi anaitwa Bi Time. Zamani aliishi Pangani na mumewe, alikuwa akishona, na cherehani yake ilikufa kwa neno lako. Hakuwa na kazi nyingine, akarudi Pemba. Mjukuu kanieleza bila kunificha: bibi yake alikuwa akikusema vibaya, Baba. Kila akiinama kufagia uvunguni akaiona ile cherehani, anakutaja. Hakuitupa wala hakuiuza, miaka yote. Kijana alipokwenda likizo aliibeba akaitoa uani, akafuata maneno yako neno kwa neno. Siku ya tatu gurudumu likazunguka. Bi Time akaomba uzi.

Kisha akamwambia mjukuu aniandikie: "Nimemsamehe Fundi Mbwana, duniani na akhera. Na mimi naye anisamehe, kwa yote niliyomsema."

Nilisoma nikasimama. Watu walikuwa wamejaa mle chumbani mwa kompyuta, kwa Zaituni, nikalia mbele yao, sikujali. Zaituni akaichapa karatasini, nikampelekea Hemedi jioni ile ile. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni mwake, hakunirudishia.

Baba, mimi nilitumwa kukuombea radhi. Sikutumwa kuitoa. Lakini yule ni mtu mzima, anangoja, na wewe huwezi tena kumjibu. Nikamwandikia, "Amekusamehe, Bi Time." Nimelisema kwa kinywa chako bila ruhusa yako. Kama nimekosea, kosa hilo ni langu, nami nisamehe.

Nakuahidi kwenye tovuti hii halitaingia jambo jingine maadamu nipo, na mstari ule wa juu haufutwi. Na mfungo ukiisha nakwenda Wete, mimi na Hemedi, amesema mwenyewe. Nitamshika Bi Time mkono, kwa niaba yako.

Lala sasa, Baba. Mwenye cherehani yake anashona.

Mwanao,
Mwanahawa