Dumu la Bluu

Mchukwi,
12 Oktoba 1994

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe na mwanangu Nassibu niliyekuletea umwachishe ziwa. Mimi mwili haujambo, ila situlii. Nakaa, nasimama, hata wali nimeuunguza.

Mama, huku alikuja bwana afya kwa habari ya madumu ya dawa ya mikorosho. Tangu wenye maduka waruhusiwe kuuza dawa, kila nyumba ina dumu, na dawa ikiisha tunalisugua kwa mchanga, tunachotea maji. Akasema sumu imeshaingia kwenye plastiki, haitoki, na watoto ndio huumia kwanza. Watu wakamcheka. Bi Semeni akamwambia, baba, sema tu unayataka ukayauze Ikwiriri. Akaondoka amenyong'onyea.

Safari ya pili hakuhutubia. Alikaa barazani kwa Bi Semeni, akala naye mihogo, akauliza tukiyatupa hayo tutachotea nini. Kisha akaniomba mimi niseme na wenzangu, kwa kuwa ni mzazi kama wao na wananijua. Nikasema. Shoga yangu Mwanaharusi akanidaka mbele ya wote: na lako la bluu liko wapi, mwenzetu? Nikajibu nimelitoboa kwa msumari, nimelitupa chooni. Wakaniamini, mama. Siku ile ile Bi Semeni akatoboa lake, na wengine wakafuata.

Nilidanganya. La bluu ndilo nililokuletea siku ile na Nassibu, ukalisifu halivuji. Wakati ule sikujua. Nilipojua, niliona haya watu wasikie nimempa mama yangu sumu, nikanyamaza siku tisa. Jana nimepata barua yako kwamba mtoto anatokwa na mate, tumbo linamkata, nawe unamnywesha maji kwa wingi.

Mama, maji ya dumu lile asiyaguse tena, nawe pia. Ukimaliza tu kusomewa, mpeleke zahanati, uwaambie ni dumu la dawa ya mikorosho. Usinifichie aibu. Tamimu, dereva aliyekuletea barua hii, anakungoja na gari; huku limejaa abiria, mimi nimekosa nafasi.

Nikirudi nitawaambia wanawake ukweli. Bi Semeni atanitukana, najua. Lakini akija kuujua kwa mtu mwingine, hatatusikiliza tena, mimi wala bwana afya.

Nisalimie wote hapo Mohoro. Mwanangu mbusu, mwambie mama yake anakuja kesho kwa gari la kwanza.

Ni mimi mwanao,
Waride